Nyongeza Isiwe Kiraka cha Mchezo

Mchezo wa video wa Elden Ring ulipotoka mwaka 2022 uliuzwa dola 59.99. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilikuja Juni 2024 kwa dola 39.99, yaani theluthi mbili ya bei ya mchezo wenyewe. Nyongeza inastahili kulipiwa kiasi gani? Hilo ndilo swali la toleo hili.

Wachezaji wengi hupima kwa saa: gawanya bei kwa saa za kucheza, upate jibu. Kipimo hicho kinapotosha. Saa hujazwa kwa urahisi na kazi za kuokota vitu na kuua maadui walewale, na mchezaji akajikuta amelipia uchovu. Tuanze kwa kuuliza kama mchezo wa awali ulikuwa mzima bila nyongeza hiyo.

The Witcher 3: Wild Hunt ya CD Projekt Red, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa nzima. Mhusika mkuu, Geralt, alimtafuta binti yake wa kulea, Ciri, hadithi ikafika mwisho, na aliyeishia hapo hakupunjwa. Mwaka uliofuata nyongeza yake, Blood and Wine, ikaleta nchi ya Toussaint kwa dola 19.99, ikiwa na watu wake na kisa kinachojitegemea. Aliyeinunua aliinunua kwa hamu. Asura's Wrath, iliyochapishwa na Capcom mwaka 2012, ilifanya kinyume: mwisho wa kweli wa hadithi uliuzwa kando. Hapo bei haina maana tena, hata ikiwa ndogo, kwa sababu mteja anauziwa mara ya pili kitu alichokwisha kukilipia.

Jambo jingine ni kudumu. Novemba 2020, Bungie iliondoa ndani ya Destiny 2 nyongeza mbili ambazo watu walikuwa wamezinunua, Curse of Osiris na Warmind. Kampuni ilieleza kwamba mchezo umekuwa mkubwa mno kuutunza. Sababu hiyo inaeleweka, lakini hasara ilimwangukia mnunuzi. Nyongeza inayoweza kufutwa na muuzaji ina thamani ya kukodisha, na bei yake ingepaswa kulingana na hivyo.

Mambo haya yanamgusa zaidi mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye bei ya dola humtoka kwa shilingi, kisha anunue bando la kupakua gigabaiti tele. Kosa moja la ununuzi laweza kumlia akiba ya miezi.

Kwa hiyo makala za toleo hili hazitoi alama kwa wingi wa saa. Zinachunguza uzima wa mchezo wa awali, upya wa kilichoongezwa, na uhakika wa kubaki nacho. Nakusihi, msomaji, usilipie nyongeza kabla haijatoka. Watengenezaji waliofanya kazi kwa uaminifu watalipwa hata ukichelewa wiki mbili. Wanaotegemea pupa yetu ndio watakaokosa.

Mhariri