Bastola Mpya Ikiwa na Kasoro, Nani Mwenye Mamlaka ya Kuirudisha Kiwandani?

Serikali kuu ya Marekani inayo mamlaka ya kisheria ya kumlazimisha mtengenezaji kuondoa sokoni kitanda cha mtoto, kikaangio cha umeme au mwanasesere aliyepakwa rangi yenye madini ya risasi. Inaweza kuviagiza viwanda vya magari viyaite magari yao yarudishwe kwa sababu ya mfuko wa hewa wenye hitilafu. Lakini hakuna chombo chochote cha serikali hiyo chenye uwezo wa kuagiza bastola mbovu irudishwe kiwandani. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kuua ndicho ambacho hakina wa kukikagua.

Hali hii haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, likaipa tume hiyo madaraka juu ya maelfu ya bidhaa za matumizi ya nyumbani. Silaha za moto ziliondolewa kwa makusudi katika orodha hiyo, na miongoni mwa waliohakikisha hivyo ni John Dingell, mbunge wa Michigan, aliyekuwa pia na kiti katika bodi ya chama kikuu cha wamiliki wa bunduki, NRA. Miaka michache baadaye, kikundi kimoja cha wananchi wa Chicago kiliiomba tume hiyo ipige marufuku risasi za bastola kwa hoja kwamba ni bidhaa ya hatari. Bunge lilijibu mwaka 1976 kwa kuufunga mlango huo nao: tume ikakatazwa kugusa risasi.

Matokeo yake yana kichekesho kichungu. Mwaka 2001 tume hiyohiyo ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni ya Daisy kuhusu bunduki za upepo ambazo vijana huchezea, ikidai kwamba goroli huweza kukwama ndani, kijana akadhani bunduki ni tupu, kisha ikafyatuka. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu bunduki ya upepo haihesabiwi kuwa silaha ya moto. Kasoro ya namna hiyo ingejitokeza katika bastola halisi, tume isingekuwa na la kusema.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani kasoro za namna hiyo zipo kweli katika silaha mpya? Zipo. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi katika jimbo la Texas, alinunua bastola mpya baada ya nyumba ya jirani yake kuvamiwa usiku. Alifanya kila kilichotakiwa: alijaza fomu, alikaguliwa, akahudhuria mafunzo, akanunua na sanduku la chuma la kuifungia, kwa kuwa ana binti wa miaka minne. Mara ya tatu alipokwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, alipoiachia sehemu ya juu ya bastola irudi mbele na kuingiza risasi kwenye chemba, silaha ilifyatuka yenyewe. Kidole chake kilikuwa mbali na kifyatulio. Kilichomwokoa yeye na waliokuwa jirani ni nidhamu ya kuuelekeza mtutu mbele wakati wote.

Aliniandikia akisema, "Mwalimu, naogopa kuirudisha nyumbani, na naogopa kumuuzia mtu mwingine." Nilimjibu kwamba hofu zote mbili ni za haki, na hiyo ya pili ndiyo inayompa heshima. Mengi kati ya yale niliyomshauri wenye uzoefu wa silaha wanayajua, lakini si vibaya kuyaweka hapa, maana wasomaji wangu kadhaa wanaishi katika nchi hiyo.

La kwanza, silaha unayoishuku isitumike tena, hata kwa jaribio moja la "kuhakikisha". Itolewe magazini, kisha chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, kwa sababu bastola isiyo na magazini bado inaweza kuwa na risasi moja ndani. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kesi ya kijana wa miaka 13 aliyempiga rafiki yake risasi na kumuua akiamini kwamba kwa kuitoa magazini ameimaliza hatari. La pili, mmiliki asiifungue akaanza kuchonga vyuma kwa kufuata video za mitandaoni. Akifanya hivyo anaharibu dhamana na ushahidi kwa pamoja. La tatu, aandike tarehe, aina ya risasi, namba iliyochongwa kwenye silaha na majina ya walioshuhudia. Maganda ya risasi na boksi lake ayatunze, kwa kuwa wakati mwingine kasoro hutoka kwenye risasi na bastola haina kosa. La nne, awasiliane na mtengenezaji kwa maandishi. Sheria ya Marekani inamruhusu mmiliki kumpelekea mtengenezaji silaha moja kwa moja ili itengenezwe, nayo ikarudishwa kwake bila kupitia dukani.

Aliyafuata yote. Dukani walikuwa wamemwambia kwamba silaha ikishatoka pale, azungumze na kiwanda. Kiwanda kilikaa nayo wiki saba, kikairudisha na barua ya mistari minne: bastola imepimwa, imekutwa "ndani ya viwango vyetu", na sehemu mbili za ndani zimebadilishwa. Ni sehemu zipi? Barua haikusema. Ikiwa bastola ilikuwa ndani ya viwango, zilibadilishwa kwa nini? Haikusema. Je, waliouziwa bastola za toleo hilohilo wameambiwa? Hilo ndilo swali linaloninyima amani, na hakuna afisa wa serikali mwenye mamlaka ya kuliuliza.

Tuwe waadilifu: mnunuzi hakuachwa mikono mitupu kabisa. Sheria za mauzo za majimbo zinamdai muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yake ya kawaida. Hata ile sheria ya mwaka 2005 inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya kesi nyingi imeacha upenyo kwa madai ya kasoro za usanifu au utengenezaji. Upenyo wenyewe ni mwembamba, kwa sababu aliyefyatua akiwa ametenda kosa la jinai kwa hiari yake, kosa lake ndilo linalohesabiwa kuwa chanzo pekee cha madhara. Kwa mantiki hiyo Mahakama ya Illinois iliyakataa madai ya wazazi wa mtoto aliyeuawa. Zaidi ya hayo, kesi huja baada ya damu kumwagika, ilhali agizo la kurudisha bidhaa hulenga kuitangulia damu.

Watetezi wa mfumo uliopo husema kwamba viwanda vinajisimamia vyenyewe. Ni kweli kwamba taasisi ya watengenezaji, SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926, hutunga viwango vya kitaalamu. Lakini ni vya hiari. Mwaka 2017 zilisambaa video zikionesha bastola aina ya SIG Sauer P320 ikifyatuka inapoangushwa kwa pembe fulani. Kampuni ilisisitiza kwamba silaha yake inakidhi viwango vya usalama vya Marekani, na mwezi Agosti mwaka huo ikatangaza marekebisho ya bure kwa mmiliki atakayependa. Iliyatangaza kwa hiari yake, kwa ratiba yake na kwa maneno iliyoyachagua yenyewe. Iwapo kiwango kinaweza kukidhiwa na hitilafu ikabaki, kiwango hicho kinahitaji mwangalizi asiyelipwa na kiwanda.

Mifano ya kuanzia ipo ndani ya nchi hiyohiyo. Massachusetts ilitumia sheria yake ya kumlinda mlaji kuweka masharti ya usalama wa bastola. California, tangu mwaka 2001, haimruhusu mfanyabiashara kuuza bastola mpya ya aina ambayo haijapita majaribio ya kufyatuliwa na kuangushwa katika maabara. Mtu anaweza kubishana na sehemu za sheria hizo, lakini zinathibitisha kwamba kuipima silaha kama bidhaa ni jambo linalowezekana.

Ninaielewa hofu ya wamiliki kwamba serikali ikipewa mamlaka juu ya kasoro itayatumia kupiga marufuku silaha zenyewe. Ombi la wale wananchi wa Chicago liliipa hofu hiyo msingi. Lakini dawa yake ni kuiandika mipaka ndani ya sheria: tume iwe na uwezo wa kuchunguza kasoro, kuuarifu umma na kuagiza matengenezo, na isiwe na uwezo wa kuamua nani amiliki nini. Anayeumia kwanza kwa silaha mbovu ni mwenye silaha. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa msemo huo unakaa kiunoni, ndani ya mkoba wa ngozi.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiyasome haya kama mambo ya mbali. Ni kweli kwamba bastola mikononi mwa raia kwetu ni chache, na sheria zetu zinajishughulisha hasa na leseni. Lakini ni risiti ngapi tumepewa madukani zikiwa na maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Mtungi wa gesi unaovuja, breki za pikipiki zinazokatika, waya wa umeme ulio mwembamba kuliko ulivyoandikwa: kila kimoja ni silaha iliyofyatuka bila kidole kuigusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inamtambua mlaji kuwa na haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili. Haki hiyo ina uzito pale tu anapokuwepo mwenye mamlaka ya kumwambia muuzaji: rudisha.

Mwanafunzi wangu ameifungia bastola ile katika sanduku la chuma, haitumii wala haiuzi. Amekuwa mlinzi wa umma kwa gharama yake mwenyewe. Taifa lenye tume, maabara na mahakama halipaswi kumwachia raia mmoja kazi hiyo.