Tunalaumu kijiweni, mkutanoni hatuendi

Niko chuo ila mawazo yako Kilema. Kila likizo tunakaa kijiweni kuilaumu halmashauri: barabara mbovu, michango haiishi. Juzi nikajiuliza, mkutano mkuu wa kijiji nimehudhuria mara ngapi? Sifuri! Wakati sheria ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mwenye miaka 18 nafasi pale, kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yanasomwa, unauliza. Mama ananiambia mara ya mwisho akidi haikutimia, watu wakarudi kukata majani ya ng'ombe. Hela yetu nani ataiulizia? Hata baraza la madiwani linakaa wazi, ukitaka kusikiliza nenda. Likizo hii mi naenda, na daftari. Nani tunaongozana?