Mbio za vituo 272: mchezo usio na mwamuzi

Mara nyingi tunapokutana sisi wazazi na kuzungumzia michezo ya watoto, malalamiko huwa ni yale yale: simu imewateka, na sisi hatuna cha kuwapa badala yake. Mtoto anyang'anywapo simu asipewe kitu kingine cha kushughulisha akili yake, hubaki na kinyongo tu. Kwa ajili hiyo, wiki hii tumeona tuutazame mchezo mmoja unaochezwa ndani ya treni za mji wa London, mji ambamo familia nyingi za Waswahili zimeweka makazi. Mchezo huu hauna uwanja wala zawadi ya fedha, na mara nyingi hauna hata mtazamaji.

Reli ya chini ya ardhi ya London ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, baina ya Paddington na Farringdon, na treni zake za mwanzo zilikwenda kwa mvuke. Hivi leo ina njia 11, urefu wa takriban kilomita 400, na vituo 272. Viwili vilivyoongezwa mwisho ni Nine Elms na Battersea Power Station, vilivyofunguliwa Septemba 2021. Mchezo wenyewe ni kuvifikia vituo vyote hivyo katika siku moja, kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo.

Kanuni zake, kama zinavyofuatwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness, si nyingi. Kila kituo ni lazima ukifikie au ukiondokee kwa treni ya abiria iliyosimama hapo. Hulazimiki kushuka, wala hulazimiki kupita juu ya kila kipande cha reli. Baina ya kituo na kituo waruhusiwa kutembea, kukimbia, au kupanda basi la abiria. Bali gari binafsi, teksi na baiskeli ni marufuku. Watu wamekuwa wakishindania rekodi hii tangu enzi za babu zetu, na mwaka 2015 wawili walivimaliza vituo vyote 270 vilivyokuwapo wakati huo kwa muda wa chini ya saa 16.

Asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa mshindi ni mwenye miguu myepesi. Ukweli ni kwamba mbio hizi hushindwa au hupotezwa mezani, siku nyingi kabla ya safari, mbele ya ramani na ratiba. Chukua mfano wa Stanmore na Edgware, vituo viwili vya mwisho wa njia mbili tofauti kaskazini mwa mji. Kwa treni, anayetoka kimoja kwenda kingine hana budi kushuka hadi katikati ya London kisha apande tena. Kwa basi au kwa miguu, ni kilomita chache tu. Ama Chesham, kilichoko mbali kaskazini-magharibi, hupata treni moja kwa takriban kila nusu saa. Ukikifikia kwa wakati usiofaa, umekaa hapo ukihesabu dakika. Ndiyo maana wengi hupenda kuanzia huko alfajiri, wakaiondoa tabu hiyo mapema.

Ramani nayo ina somo lake. Ramani mashuhuri ya reli hii, iliyobuniwa na Harry Beck na kuchapishwa mwaka 1933, haikuchorwa kwa kufuata umbali halisi. Mchoraji alinyoosha mistari na kusawazisha nafasi ili msafiri aone kwa urahisi wapi abadilishe treni. Matokeo yake, Leicester Square na Covent Garden huonekana kama vituo vya kawaida vinavyofuatana, ilhali baina yao ni takriban mita 260 tu, mwendo wa dakika chache kwa mtu mzima. Kijana aliyeligundua hilo kwa miguu yake mwenyewe amejifunza kuwa picha ya jambo si jambo lenyewe, na somo hilo litamfaa katika mengi.

Mchezo huu haukuishia London. New York ina vituo 472 na treni zake hukesha usiku kucha, hata jaribio moja huchukua zaidi ya saa 20. Huko, katika miaka ya 1960, Peter Samson, aliyesoma chuo cha MIT, pamoja na wenzake, walifika hadi ya kutumia kompyuta kupanga njia yao, wakati ambapo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Walifanya hivyo kwa ajili ya furaha tu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuuone mchezo huu kuwa unastahili nafasi katika ukurasa wa familia. Anayetaka jina lake liandikwe katika kitabu hudaiwa ushahidi: daftari la saa za kufika na kuondoka, picha, na saini za mashahidi. Lakini wengi wanaocheza hawatafuti jina. Wao hujiandikia wenyewe, na hakuna atakayekuja kulikagua daftari lao. Fikiri basi kuwa ni saa ya tisa ya safari, miguu imechoka, na mmoja akasinzia treni ikipita vituo viwili. Je, avitie alama? Au treni ilipita kituo bila kusimama: ahesabu kuwa amefika? Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Kuna kalamu, na yeye mwenyewe, na Mola wake anayemwona.

Sisi tunaamini kuwa hapo ndipo tabia ya mtoto hujulikana. Tumezoea kuwafundisha watoto uaminifu kwa maneno, na mara nyingi pale tu panapokuwa na macho ya kuwatazama. Mtoto anayeandika "hatukufika" katika daftari ambalo hakuna wa kulisoma, ilhali anatamani sana kuandika "tumefika", amefanya zoezi ambalo hotuba kumi haziwezi kumpa.

La pili ni adabu ya njiani. Treni zile si za wachezaji. Zimejaa wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni. Kukimbia ngazini ukamsukuma mtu, au kuzuia mlango ili mwenzako awahi, ni kuifanya furaha yako kuwa udhia kwa wengine. Treni ikikuponyoka, imekuponyoka, itakuja nyingine. Na apigaye picha apige jina la kituo, asipige nyuso za watu.

Huenda msomaji akauliza: na Swala je? Swali ni la haki. Mbio kamili za saa 16 hupita juu ya Swala kadhaa, na anayeazimia kuzikimbia hana budi kuzipangia vituo vya kusimama kabla ya kupanga chochote kingine, akubali kuwa rekodi itamkosa. Kwa familia, sisi twapendekeza mchezo mdogo. Mwezi wa Juni, Adhuhuri ya London huingia baada ya saa saba mchana, kwa hiyo asubuhi ni ndefu na ya kutosha. Desemba hali ni nyingine kabisa: jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na muda baina ya Swala na Swala ni mfupi mno.

Michezo midogo ipo mingi. Kuna kuzipanda njia zote 11 kwa muda mfupi. Kuna kutafuta kituo kwa kila herufi ya alfabeti, ingawa J, X, Y na Z hazina kituo. Chagueni Jumamosi au Jumapili, msongamano ukiwa mdogo, lakini kwanza tazameni kama hakuna njia iliyofungwa kwa matengenezo. Watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa nauli, na nauli ya mtu mzima ina kikomo chake kwa siku. Mmoja asome ramani, mwingine ashike daftari, mdogo kabisa atangaze jina la kituo. Bibi asiachwe, ila mkumbuke kuwa chini ya nusu ya vituo hivyo ndivyo visivyo na ngazi. Mpangieni kituo cha kukutania.

Mzazi naye asiwe msimamizi tu. Apewe kazi na watoto, aambiwe akichelewa, na akosolewe kwa adabu anaposoma ramani kinyume. Jioni, daftari lisomwe mbele ya wote, pamoja na vituo vilivyokosekana. Wala msivifute.