Njaa Haikumwangusha Mfalme wa Ufaransa

Mapinduzi ya Ufaransa yakitajwa, iwe darasani, redioni au barazani penye kahawa, hadithi ni ileile. Watu walikosa mkate, malkia Marie Antoinette akawaambia wale keki, wakapandwa na hasira, wakalivamia gereza la Bastille na baadaye wakamkata mfalme kichwa. Msimulizi anamalizia kwamba mwenye njaa hana miiko, na wote wanaafiki. Mimi siafiki. Hadithi hiyo ni ya uongo, tena inawadhulumu watu waliouangusha ufalme ule, kwa kuwa inawahesabu kama matumbo yasiyo na vichwa.

Suala la keki halituchukulii muda. Jean-Jacques Rousseau aliandika kisa cha binti mfalme mmoja, asiyetajwa jina, aliyetamka maneno ya namna hiyo. Alikiandika katika miaka ya 1760, Marie Antoinette akiwa bado mtoto huko Vienna. Ufaransa aliingia mwaka 1770, akiwa na miaka 14, kuja kuolewa.

Kuhusu njaa yenyewe, Wafaransa waliijua vizuri. Majira ya baridi ya mwaka 1709 yaliua ngano mashambani, na watu waliokufa kwa njaa na maradhi yake walihesabika kwa malaki. Louis XIV aliendelea kutawala hadi akafa kitandani mwake mwaka 1715. Mwaka 1775 bei ya unga ilipanda, zikazuka ghasia mamia katika masoko ya pande za Paris, kiasi kwamba zikaitwa Vita vya Unga. Jeshi likatumwa, watu wawili wakanyongwa hadharani Paris, mambo yakatulia. Louis XVI ndio kwanza alikuwa na mwaka mmoja kwenye kiti. Kama njaa ndiyo inayoangusha wafalme, kwa nini hakuanguka hapo? Wahenga walisema njaa mwana malegeza, na walijua walisemalo: mtu aliyeshinda na njaa anatafuta chakula cha leo, hana nguvu ya kupanga katiba.

Kilichobadilika baadaye kilikuwa kwenye daftari la hazina. Ufaransa ilikopa kwa pupa kugharamia vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1788 serikali ilipanga kutumia livre milioni 629, huku mapato yakiwa milioni 503. Nusu ya matumizi hayo ilikwenda kulipa madeni. Anasa za Versailles zinazosimuliwa kila siku, gharama zote za nyumba ya kifalme zikijumlishwa, zilikuwa asilimia sita hivi. Malkia angevaa kaniki mwaka mzima, bado nchi ingefilisika.

Dawa ilijulikana: wenye ardhi kubwa nao walipe kodi. Waziri wa fedha, Calonne, aliwaita wakuu wa nchi 144 mwezi Februari 1787 akawaeleza hivyo, wakakataa, na yeye akafukuzwa kazi mwezi Aprili. Mahakama kuu ya Paris nayo ikagoma kusajili kodi mpya. Huyu ndiye mfalme tunayefundishwa kwamba neno lake lilikuwa sheria! Alishindwa kuwatoza marafiki zake mwenyewe, na hakubakiwa na njia ila kuliita Bunge la Matabaka, ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kabla ya bunge hilo, kila parokia ilitakiwa kuandika malalamiko yake. Wakulima walikusanyika, mara nyingi kanisani baada ya misa, mmoja anayejua kuandika akashika kalamu, wengine wakasema. Yalipatikana madaftari makumi ya maelfu. Humo kuna kodi ya chumvi, ambayo katika mikoa mingi ilimlazimu kila mtu aliyevuka miaka minane kununua kiasi cha chumvi kilichopangwa na serikali, kwa bei ya serikali, atake asitake, wakati majirani zao wa Bretagne hawakutozwa. Humo kuna njiwa wa makabaila waliodonoa mbegu shambani na mkulima asiruhusiwe kuwagusa. Humo kuna kinu cha kabaila, bwana wa eneo, ambacho ilikuwa lazima usage hapo na ulipie. Madai haya hayatoki kwa umati uliopagawa. Ni watu walioketi wakahesabu nani anatoa na nani anapokea.

Mwingereza Arthur Young, aliyekuwa akizunguka Ufaransa kuchunguza kilimo, alikutana na mmoja wao tarehe 12 Julai 1789. Alikuwa akipanda kilima na farasi wake, akaongozana na mwanamke ambaye kwa kumtazama alimdhania ana miaka 60 au zaidi. Alikuwa na miaka 28. Familia yake ilikuwa na kipande cha shamba, ng'ombe mmoja na farasi dhaifu. Mama huyu alimtajia anachodaiwa bila kusita: kwa bwana wa kwanza, ratili 42 za ngano na kuku watatu, kwa bwana wa pili, shayiri, kuku mmoja na sou moja, juu ya hapo kodi za mfalme. Watoto saba, na maziwa ya yule ng'ombe ndiyo yaliyokoleza supu yao. Alikuwa na kila sababu ya kulia njaa. Alichomweleza mgeni ni deni lake, kuku kwa kuku.

Simkatai anayesema mkate ulikuwa ghali. Mvua ya mawe ya Julai 1788 iliharibu mazao, na mapema mwaka 1789 mkate wa ratili nne uliuzwa Paris sou 14 na nusu, wakati kibarua alipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Hali hiyo iliharakisha mambo. Lakini tazama watu walienda wapi na hasira yao. Kuanzia tarehe 12 Julai walichoma vituo vya ushuru vilivyoizunguka Paris, vituo 40 hivi kati ya 54, vilivyotoza kila kilichoingia mjini. Asubuhi ya tarehe 14 walichukua bunduki kwenye ghala la Invalides, kisha wakaenda Bastille kutafuta baruti, kwa kuwa askari wa mfalme walikuwa wameuzunguka mji. Waliopigana pale wengi walikuwa maseremala, wahunzi na mafundi wengine wa mtaa wa Saint-Antoine, watu wenye kazi zao. Mle gerezani walikuwemo wafungwa saba tu.

Hata akina mama wa sokoni, waliotembea kwenye mvua hadi Versailles tarehe 5 Oktoba, na ambao kweli walidai mkate, waliingia ndani ya bunge wakaketi kwenye viti vya wabunge. Usiku huohuo mfalme alitia saini Tangazo la Haki za Binadamu alilokuwa akilipiga chenga kwa wiki kadhaa. Kesho yake wakarudi naye Paris.

Ufalme wenyewe ulidumu karibu miaka mitatu zaidi. Louis alijaribu kutoroka Juni 1791, akakamatwa Varennes, na kuanzia hapo swali la kama anahitajika likawa linajadiliwa waziwazi. Mwanzoni mwa Agosti 1792 mikutano ya karibu mitaa yote 48 ya Paris ilipeleka ombi bungeni aondolewe. Bunge likasitasita. Tarehe 10 watu wa mitaa hiyo, pamoja na wapiganaji wa kujitolea kutoka Marseille na Brest, waliivamia ikulu ya Tuileries, na tarehe 21 Septemba ufalme ukafutwa kwa kura.