Kitanda kwenye Noah: godoro lilale kwa urefu

Wewe unayechukua oda mtandaoni, halafu unafuata plamu na peasi Lushoto kwa Noah na kulala humo humo, hii yako. Wengi wanatandika godoro kwa upana ili mzigo uenee. Mimi nakataa. Gari ni jembamba, unalala umejikunja, asubuhi unashuka kona za Mombo na usingizi machoni. Kunja siti za nyuma, tandika godoro jembamba kwa urefu upande mmoja, matenga yakae upande wa pili. Ndiyo, utabeba machache. Bora hivyo, wateja wanakutaka mzima.

Na baridi isikudanganye ukalala injini inawaka, moshi wake unaua kimya kimya. Blanketi zito, dirisha wazi kidogo. Wewe unalalaje ukifuata mzigo?