Kanisa Lililopokea Watoro Lisije Likazaa Watoro

Neno "mtoro" siku hizi limekuwa jepesi. Mtoro ni mtoto anayekimbia shule, au muumini ambaye sasa ni wiki ya tatu haonekani kanisani. Wazee wetu wa Pwani walilijua neno hili kwa maana nzito zaidi. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, akaingia mwituni usiku, asijue kesho yake atalala wapi.

Wengi wa watoro hao walikimbilia misheni. Thomas Wakefield, Mmethodisti kutoka Uingereza, alifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka wa 1862, akisaidiwa na Krapf. Mwaka uliofuata akaja Charles New. Kanisa likaota mizizi Ribe, kisha Jomvu, na watu waliokuwa hawana ukoo wala shamba wakapata pa kujenga kibanda. Sisemi kwamba wamisionari walikuwa malaika. Mara nyingi walisitasita, kwani kumpokea mtoro kulikuwa ni kuwachokoza mabwana na serikali ya Sultani. Hata hivyo watoro waliongezeka, hata mwaka wa 1888 Mackenzie, wa ile kampuni ya Kiingereza iliyoshika Pwani, alilazimika kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika misheni za Rabai, Ribe na nyinginezo.

Basi kanisa hili la Kimethodisti, lililopata kujitawala humu nchini mwaka wa 1967, ni kanisa lililojengwa, kwa sehemu kubwa, na watu wasio na kitu mkononi. Swali langu ni hili: je, mtu wa namna hiyo akija leo, atapata pa kukaa?

Msomaji atauliza, mtu wa juzuu na ubao kama mimi ana lipi la kusema juu ya kanisa? Nina la ujirani. Sisi wa Pwani tunaoana, tunazikana, tunapelekeana biriani na pilau siku za sikukuu. Jirani yako akiacha kwenda kusali kwa aibu, habari hukufikia hata kama wewe husali kwingine.

Na aibu yenyewe naijua inakotoka. Inatoka katika michango. Katika makanisa mengi, sadaka ya ujenzi husomwa kwa kipaza sauti, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Bwana fulani, elfu hamsini. Makofi na vigelegele. Mama muuza mahamri, aliyeamka saa tisa ya usiku kukanda unga, shilingi hamsini, kimya. Mara ya pili hatoi jina. Mara ya tatu haji. Kisha anaitwa mtoro! Wala nisiwafiche Waislamu wenzangu: kwetu pia vipaza sauti vya harambee vinajua kuwataja watu, na wako wanaosali nyumbani kwa sababu hiyo hiyo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hiyo ni methali ya sokoni. Nyumba ya ibada inapaswa kufuata ile nyingine: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

La ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu imo katika historia ya Wamethodisti wenyewe. Mwaka wa 1742, huko Bristol, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao. Nahodha mmoja aitwaye Foy alishauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wako maskini wasioweza hata hiyo. Akajibu apewe yeye maskini kumi na mmoja. Atawazungukia kila wiki, na asiye na peni atamlipia kutoka mfukoni mwake. Ndivyo yalivyoanza yale madarasa ya watu kumi na wawili na kiongozi wao. Katika kuzunguka huko viongozi waligundua nani mgonjwa, nani ana njaa, nani amegombana na mkewe. Safari ya kukusanya deni ikageuka kuwa safari ya kujuliana hali. Tazama mpango ule: mwenye nacho alibeba mzigo wa asiye nacho, na hapakuwa na haja ya kipaza sauti.

Najua nitakalojibiwa. Paa linavuja, mchungaji ana watoto, makofi huwatia watu hima. Ni kweli, na fedha lazima zipatikane. Lakini sanduku lililofungwa hupokea elfu hamsini sawasawa na linavyopokea hamsini. Ikiwa tajiri hatatoa mpaka atajwe, basi huyo amenunua makofi, na kanisa si duka la kuuzia makofi.

Mengine yafuate hapo hapo. Kanisa lenye ngazi sita mlangoni na lisilo na njia ya mteremko limekwisha kumwambia mwenye kiti cha magurudumu abaki nje. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni ibada ngapi zilizo na hata mtu mmoja wa kumfasiria kiziwi mahubiri? Badala ya kununua kipaza sauti cha tatu ili kuwaita walio mbali, kanisa limsomeshe kijana mmoja lugha hiyo, apate kusema na walio karibu.

Wala kueneza neno kusipimwe kwa umbali wa sauti. Kupimwe kwa hesabu ya nyumba zilizobishwa hodi wiki hii, hasa zile ambazo wenyewe wameacha kuja. Aendaye aende mikono mitupu, bila daftari la michango, akae kwenye mkeka, anywe maji, aulize hali. Watoro wa zamani walitembea usiku kucha kuifuata misheni. Wa leo wako nyumba ya tatu kutoka kanisani, na safari hii misheni ndiyo inayopaswa kutembea.