Baridi Haishindwi kwa Ushujaa

Husemwa mara kwa mara kwamba mwendesha baiskeli wa Afrika hawezi kushindana huko Ulaya wakati wa mvua na baridi, kwa kuwa eti damu yake imezoea joto. Usemi huu umerudiwa mno hata baadhi ya wapenzi wa mchezo huu wanausadiki. Maoni yangu ni kwamba usemi huo hauna msingi wa kutosha katika sayansi, tena una madhara. Humfanya kijana adhani kuwa kikwazo kilicho mbele yake ni cha kuzaliwa nacho, ilhali kwa sehemu kubwa ni cha maandalizi. Ni kweli kwamba mwili hujizoeza baridi kidogo kidogo. Lakini msaada wa mazoea hayo ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa nguo kavu.

Na tutazame siku moja ambayo ingali inasimuliwa. Tarehe 5 Juni, 1988, mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Italia yalipitia njia ya mlimani iitwayo Gavia, ambayo kilele chake kiko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya njia hiyo wakati huo ilikuwa ya udongo. Mvua ilinyesha bondeni, na juu ilianguka theluji. Mtu wa kwanza kuvuka kilele alikuwa Johan van der Velden wa Uholanzi, akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi. Alipoanza kuteremka baridi ilimshika, ikamlazimu kusimama na kutafuta hifadhi. Alifika mwisho wa safari ya siku hiyo, mjini Bormio, akiwa nyuma ya mshindi kwa dakika 47 hivi. Mshindi alikuwa Erik Breukink. Wa pili, nyuma yake kwa sekunde 7, alikuwa Andy Hampsten wa Marekani, ambaye siku hiyo alitwaa jezi ya waridi ya kiongozi wa mashindano, akaishikilia hadi mwisho, na kuwa Mmarekani wa kwanza kuyashinda.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, Breukink naye ni Mholanzi. Watu wawili wa nchi moja ya baridi waliteremka mlima mmoja siku moja; mmoja akashinda, mwingine akapoteza robo tatu ya saa. Kuzaliwa hakuwezi kueleza tofauti hiyo. Pili, viongozi wa timu ya Hampsten walikuwa wametangulia kununua glavu na mavazi ya joto katika maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji, wakaandaa vinywaji vya moto, na kupeleka nguo kavu karibu na kilele. Ushindi ule ulianzia dukani kabla ya kufika mlimani.

Sasa tujiulize: ni kitu gani hutokea katika mwili? Mwendesha baiskeli anayepanda mlima kwa bidii anaweza kutoa nguvu ya wati 250 kwenye pedali. Lakini misuli hugeuza robo tu, au hata chini ya robo, ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Iliyosalia huwa joto. Kwa hiyo mwili wake huzalisha joto la wati 750 hadi 1,000, kiasi cha pasi ya umeme, na hata katika theluji hutokwa na jasho. Afikapo kileleni huacha kupiga pedali. Tanuri lile huzimika ghafula, na joto linalozalishwa huweza kushuka hadi karibu wati 100, ambacho ni kiasi cha mtu aliyeketi. Papo hapo mwendo wake huongezeka. Hewa iliyo nyuzi 0 za sentigredi, ikimpiga kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huipoza ngozi iliyo wazi kama ambavyo ingepozwa na hewa iliyo karibu nyuzi 9 chini ya sifuri pasipo upepo mkubwa.

Kimo nacho kina sehemu yake. Kwa wastani, kila mita 1,000 tupandazo hupunguza joto la hewa kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Kutoka mji wa Ponte di Legno, njia ya Gavia inapoanzia, hadi kileleni ni zaidi ya mita 1,300. Bonde likiwa na nyuzi 9, kilele huwa karibu na kuganda. Anayevaa kwa kutazama hali ya bondeni amekwisha kukosea hesabu.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni maji. Maji hupitisha joto upesi kuliko hewa iliyotulia kwa takriban mara 25. Tena, kila lita moja ya maji inayokauka juu ya ngozi huchukua kilojuli zipatazo 2,400 za joto. Jasho la kupanda, ambalo lilikuwa rafiki, hugeuka kuwa mwizi wakati wa kuteremka. Ndiyo maana shati la pamba, lishikalo maji mengi, halifai. Sufu, au nyuzi za viwandani zisizonywa maji, hufaa zaidi. Ndiyo maana pia inampasa mwendesha baiskeli kufungua zipu mapema anapopanda, na kubeba glavu na fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi ya gazeti iliyowekwa kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka, desturi ya zamani ya waendeshaji wa Ulaya, ni sayansi halisi: huzuia upepo na kuhifadhi tabaka la hewa.

Kinyume chake, zipo desturi zisizostahili sifa zake. Dawa ya kuchua iwashayo huleta hisia ya joto, lakini haiongezi joto mwilini. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na joto hupotea kwa kasi zaidi. Mafuta mazito yapakwayo miguuni husaidia kufukuza maji, lakini hayachukui nafasi ya nguo.

Mikono yahitaji kutajwa peke yake. Ngozi ya vidole ikipoa hadi chini ya nyuzi 15 hivi, vidole hupoteza wepesi. Mtu huona breki asiweze kuikaza. Mwezi Aprili 1980, katika mashindano ya Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji, theluji ilianguka mapema. Kati ya waendeshaji 174 walioanza, ni 21 tu waliomaliza. Bernard Hinault wa Ufaransa alishinda kwa zaidi ya dakika 9, na sifa zake hazijakoma kuimbwa. Lakini vidole vyake vilipata madhara ya kudumu. Mimi namheshimu Hinault. Ila sioni kwa nini tumfundishe kijana kwamba ushindi hupimwa kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Tukitoka kwenye baridi tukaja kwenye ukali wa barabara, twakuta fundisho lile lile. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo likawa gumu kama chuma ndilo lenye kasi. Katika barabara laini imani hiyo ina ukweli kiasi. Lakini katika mashindano ya Paris–Roubaix, yaliyoanza mwaka 1896 na ambayo zaidi ya kilomita 50 za njia yake ni za mawe, tairi gumu hudundadunda. Kila jiwe humwinua mtu na chombo chake, na nguvu iliyopaswa kumsukuma mbele hupotea katika kutikisa misuli yake. Gurudumu lililobeba kilo 40 kwa upepo wa kilo 8 kwa sentimita ya mraba hugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 5 hivi. Upepo ukipunguzwa hadi kilo 4, eneo huwa kama 10, na tairi hulimeza jiwe badala ya kulirukia. Bila shaka kuna mpaka: upepo ukipungua mno, rimu hugonga jiwe na tyubu hutoboka. Dawa yake ni tairi pana zaidi. Leo wataalamu wa mchezo huu hutumia matairi ya milimita 30 na zaidi huko Roubaix, na upana umeongezeka hata katika barabara za lami. Desturi ya miaka mingi ilisalimu amri mbele ya vipimo.

Je, hayo yatuhusu sisi? Naam. Uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, una kimo cha karibu mita 2,600, sawa na Gavia, na asubuhi za Juni na Julai hupatwa na umande ulioganda. Yeyote anayeteremka kwa baiskeli katika nyanda kama hizo, akiwa na jezi ya mashindano au na madumu ya maziwa, hukutana na sheria zile zile za joto. Biniam Girmay, mwana wa Asmara, aliposhinda Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji mwezi Machi 2022, alionyesha kwamba mawe ya Ulaya hayachagui rangi wala asili. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Vijana wengi zaidi watauingia mchezo huu.

Basi napendekeza kwamba vilabu vya baiskeli na shule zianze kupima badala ya kusadiki. Chukueni chupa mbili za maji ya moto. Moja ifungeni kwa kitambaa kikavu, nyingine kwa kitambaa kilicholowa. Ziwekeni penye upepo, na baada ya kila dakika tano someni kipimajoto. Kisha chagueni mteremko wa changarawe, mwacheni mwendeshaji mmoja ashuke bila kupiga pedali, mara kwa upepo mwingi, mara kwa upepo kiasi, nanyi mtie alama pale baiskeli inaposimama. Rudieni mara kumi kabla ya kukata shauri.

Zana za jaribio hilo hazizidi bei ya tairi moja la mashindano. Kijana atakayelifanya kwa mikono yake mwenyewe, siku atakapofika kileleni huku theluji ikianguka, hatajiuliza kama damu yake ni ya moto au ya baridi. Atafungua mfuko wa plastiki, atavaa glavu kavu, na kuanza kuteremka.